Maneno Tuliyommalizia Blaise

Kijiweni kwetu Kikula, kando ya duka la betri, hakuna swali linaloondoka bila jibu. Asubuhi ile alikuwepo Turbine, aliyezeekea kwenye bwawa la umeme la Mwadingusha. Sans-Micro, mhubiri asiyehitaji kipaza sauti. Na Blaise, fundi wa kiwandani mwenye kigugumizi. Adrienne alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutuuzia kahawa. Jana yake shefu mkubwa wa kiwanda alimnyima Blaise ushefu wa ekipe, yaani kuongoza kikosi chake cha mafundi, kwa sababu shefu wa ekipe ndiye anayetoa causerie, yale maneno ya usalama kabla watu hawajaingia kazini. Nilikasirika, maana kwa ufundi hana mpinzani.

— Mi… mi… Blaise akaanza.

— Minye niko na woga! Turbine akammalizia. Mutoto, ile ni courant, ni umeme. Ulizalikwa siku Mwadingusha ilikatika. Courant ilirudia mu muji yote, kwa midomo yako haikufika.

— Courant gani? Sans-Micro akanguruma. Ni shetani ya mugodi ya Kambove! Muchimbaji mwenye kufia mu shimo njo anamukamata ulimi. Afunge siku tatu, atasema kama redio.

— Ta… ta…

— Tatizo kweli! nikammalizia mimi. Lakini kigugumizi haiimbake: mutu akiimba, ulimi haikwamake. Basi causerie aiimbe! Yeye: kofia! Ekipe: eeh! Yeye: bote ya miguu! Ekipe: eeh! Maji ya moto haichomake nyumba!

— Vraiment, kweli kabisa! Turbine akapiga paja. Na shefu mukubwa acheze!

— Hapana, tufanye playback, akasema Sans-Micro. Minye nifichame nyuma ya mashini, nihubiri. Yeye afungule tu kinywa. Mficha uchi hazai!

Adrienne akaweka birika chini.

— Pardon, ba papa. Huyu yaya, huyu kaka yetu, tangu nilifika, anataka kusema nini?

Turbine akamtazama Sans-Micro. Sans-Micro akanitazama mimi. Miaka yote tumekaa naye benchi moja, na hakuna aliyejua. Niliona haya sana.

— Sema, yaya, Adrienne akamwambia. Niko nasikia.

Neno lilikwama, likarudi, likakwama tena. Safari hii tulifunga midomo.

— Mi… minye nilisha kurudia kwa shefu mukubwa. Nilimuambia, ke… kesho akuje asikie causerie yangu. Ekipe yangu ba… banangojaka mpaka nimalize.

Akanywa kahawa yake, akatutazama mmoja mmoja, bila hasira.

— Nyi… nyinye tu njo hamungojake.