Afia Kyeremaa na Mbwa Aliyesemekana Ana Mfupa Kooni

Mara ya kwanza mimi na marehemu kushughulika pamoja, aliimwaga dawa yangu chini nikiwa namtazama. Ulikuwa mwaka 1979. Nilikuwa nimeolewa na kaka yake, Kwaku Ameyaw, hata mwezi haujaisha, na mbwa aliyelinda banda langu la viazi vikuu hapa Techiman alikuwa ameliwa na upele hadi mgongo ukabaki ngozi tupu. Nikampeleka kwa wifi yangu, maana nilikuwa nimesikia sifa zake. Akampaka mafuta meusi ya mbegu za mchikichi, mengine akanitilia kwenye chupa. Mimi, mtu niliyelelewa, nikasema, "Asante, wifi."

Akaichukua ile chupa mkononi mwangu, akaipindua.

"Nani kakufundisha kuishukuru dawa? Ukiishukuru inajua kazi imekwisha, inalala."

"Basi nipe nyingine. Sitashukuru."

"Njoo kesho. Na uje umenuna."

Nilikwenda nimenuna, wala sikulazimika kujitahidi. Mbwa akapona. Jina lake lilikuwa Ogopa-Binadamu, na marehemu alipolisikia alinikodolea macho. "Hilo umelitoa kwa ajili ya jirani yako, au kwa ajili yangu?" Nikamjibu, "Nikimwita mbwa, atakayegeuka ndiye." Alicheka mpaka akakaa chini. Toka siku hiyo tulipatana, ingawa hakuwahi kunipunguzia neno hata moja, nami sikuwahi kumwachia.

Afia Kyeremaa alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 12 Oktoba 1951, katika kijiji cha Asuokraa, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa Mzee Yaw Gyamfi na Bi Akosua Tiwaa, ambao wote wametangulia.

Alisoma shule ya misheni ya kijijini hadi darasa la sita. Hakufukuzwa wala hakushindwa, kama baadhi yenu mnavyopenda kusema. Bibi yake mzaa mama, Nana Ameyaa, aliyekuwa mganga wa majani, alianza kuumwa magoti akawa hawezi tena kwenda msituni, na ukoo ukaamua Afia awe miguu yake. Kwa hiyo alijifunza kwa kutumwa. Akileta gome lililobanduliwa kuuzunguka mti mzima alirudishwa kuukandika ule mti udongo. Gome huchukuliwa upande wa macheo na upande wa machweo, basi, kwingine unauachia mti uishi. Akikosea jani alipewa alitafune yeye mwenyewe kwanza. Ndiyo maana hadi uzeeni alikuwa akitia dawa mdomoni mwake kabla ya kuitia mdomoni mwa mtu.

Mwaka 1972 aliolewa na Bwana Yaw Anane, mwindaji, aliyemletea mahari na mbwa watatu. Marehemu alizoea kusema mume alimpenda, ila mbwa ndio waliomfundisha kazi. Wakirudi kutoka porini wamechanwa na nguruwe mwitu, yeye ndiye aliyewashona na kuwakanda. Kwa mbwa wa mumewe alijua kwamba kipimo cha mtu humwangusha mbwa, na kwamba kuna majani mbuzi hula akanenepa na mbwa akila anatapika damu. Bwana Anane alifariki mwaka 1998. Walijaliwa watoto wawili.

Kazi yake mnaijua, kwa sababu nyote mmekunywa. Nasema nyote. Mwarobaini kwa homa, gome la mkangazi kwa mbwa aliyeishiwa damu, mbegu za papai kwa minyoo ya watoto na ya watoto wa mbwa. Asubuhi ya Jumapili alisemwa makanisani kuwa ana mizimu, na jioni ya Jumapili hiyohiyo nilikuwa nawaona mkipita uani, mmoja na mtoto anayekohoa, mwingine na mbuzi anayeharisha, mmejifunika kanga kichwani kama wezi. Aliwapokea. Mimi ningewafungia mlango.

Kila aliyeleta mnyama aliulizwa maswali matatu: amekula nini, amelala wapi, amemng'ata nani. Hilo la tatu aliliuliza hata kwa waleta kuku.

"Mama Kyeremaa, kuku ana meno?"

"Kuku hana. Mwenye kuku anao uongo. Nataka nimwone uso."

Na ukimwambia ndiyo, mbwa ameng'ata mtu, hukupata jani kwake. Kichaa cha mbwa, alisema, majani hayajui njia yake. Mwaka 1994 mwindaji mmoja aliyeng'atwa alipiga magoti amlilie apewe dawa ya kienyeji, akisema sindano ni za watoto. Marehemu alimwinua kwa mchi wa kinu, akampandisha gari, akakaa naye hospitali mpaka amechomwa. Mwindaji huyo yupo hapa leo na nguo yake nyekundu ya msiba, na kufikia saa hii ameshakula sahani mbili.

Sasa tumefika kwenye ugonjwa. Mkuu wa ukoo wetu, Mzee Kofi Gyako, alinijia nyumbani akanishauri niandike kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi.

"Ankomaa, ni maneno manne tu. Watu wasikie, wale, waende makwao."

"Mzee, kiazi kilichooza hata ukikiweka chini ya vizima, mnunuzi atakifikia."

"Hili si soko, huu ni msiba."

"Basi tusiwauzie watu kilichooza msibani."

Siandiki kwamba aliugua kwa muda mfupi. Naandika yaliyotokea.

Siku ya Jumatano, tarehe 25 Aprili 2018, nilikuwa uani kwa marehemu tunatwanga viazi vikuu vya fufu. Akaingia mtu mzima wa mtaa huu, mtu wa kuheshimiwa, ambaye kanisani hupewa kiti cha mbele. Humu nitamwita Mwenye Mbwa. Jina la mbwa pia sitalitaja, maana alilichagua kuwasuta majirani na mtaa mzima unalijua. Mbwa alikuwa kwenye kamba, mdomo wazi, udenda unamchuruzika.

"Ana mfupa kooni, Mama."

"Amekula nini?"

"Mifupa ya mbuzi."

"Amelala wapi?"

"Uani kwangu, mahali pake pa siku zote."

"Amemng'ata nani?"

Akacheka. "Huyu? Mama Kyeremaa, huyu analala miguuni mwa wajukuu zangu!"

Marehemu akamtazama usoni kama desturi yake. Lakini uso ule umezoea kutazamwa na watu wengi kila Jumapili, haukutikisika. Akaingiza mkono. Akatafuta mfupa, hakuna. Alipoutoa, jino likamchuna kidole gumba. Akanawa kwa sabuni na maji mengi, akasema, "Huyu hana mfupa. Mfunge peke yake. Akibadilika, au akifa, niambie siku hiyohiyo, unanisikia?" Akajibu, "Nimesikia, Mama."

Alichokuwa anakijua Mwenye Mbwa wakati anacheka ni hiki: mbwa yule alikuwa ameshamng'ata mbuzi wake, na mbuzi yule alikuwa ameshachinjwa akaliwa ili asionekane. Mbwa alikufa kabla ya wiki kwisha. Akazikwa nyuma ya choo. Marehemu alituma mtu kuuliza, "Mbwa anaendeleaje?" Jibu likaja: mzima, amepelekwa shamba, tena na mkungu wa ndizi juu. Akatuma tena Mei. Jibu lilelile. Tukazila zile ndizi.

Mimi najua uongo. Nimeishi sokoni miaka arobaini, nimeambiwa kiazi cha mwaka jana ni cha jana. Uongo wa sokoni unakutia hasara, unakwenda nyumbani kulala. Huu ulikuwa na mlango mmoja tu wa kumtoa wifi yangu, sindano ya mapema, na mtu akaukalia mlango ule kwa kuogopa aibu ya kuambiwa alionekana uani kwa mganga, na mbwa mwenye kichaa.

Katikati ya Juni kidole kilianza kumwasha na kufa ganzi. Kisha koo likakataa maji. Akiona kikombe tu mwili mzima unamruka, na upepo wa feni ukimgusa analia. Mwanawe Akua Takyiwaa na mimi tukampeleka hospitali. Wakatuuliza kama ameng'atwa na mbwa, na kabla hatujajibu, yeye mwenyewe akaniambia, "Wifi, nenda kamtazame yule mbwa."

Nilimkuta mke wa Mwenye Mbwa kwenye kinu.

"Mbwa yuko wapi?"

"Shamba."

"Shamba gani?"

"We Ankomaa, siku hizi unanunua mbwa? Viazi vimekushinda?"

Mkamwana wao alikuwa pembeni, mtoto mgongoni. Akasema, bila ubaya wowote, "Mama, si alikufa Aprili? Tulimzika nyuma ya choo. Mimi alinikwaruza hapa siku ile alipomrukia mbuzi." Akanionyesha mkono. Mchi ukamdondoka mama mkwe.

Nilirudi nikasema nilichokiona. Hospitali walitueleza waziwazi kwamba sindano ile ni ya kabla ya ugonjwa kuanza. Ukishaanza, haipo dawa, si yao si yetu. Marehemu alikuwa anajua hilo kuliko mimi. Akanivuta nguo. "Ankomaa, mimi nimeshaharibika. Hununui kilichoharibika. Kachukue vile vizima." Niliuliza, "Vizima vipi?" "Vilivyo nyumbani kwa mwenye mbwa," akasema. Alifariki Jumatano, tarehe 20 Juni 2018, saa nne asubuhi.

Wauguzi wa mtaa walikwenda kwa Mwenye Mbwa siku iliyofuata. Akawaambia hajawahi kufuga mbwa. Wakamwuliza mkamwana, naye akatazama chini, kwa sababu alikuwa ameshaonywa. Ukimpeleka mtoto kuchomwa sindano ya kichaa cha mbwa umekiri mbwa. Kwa hiyo wajukuu wale wakaachwa wacheze uani, wamelambwa, wamekwaruzwa, siku zinahesabika.

Kisha Mwenye Mbwa akamwendea Mzee Gyako. Atatoa jeneza zuri. Atatoa ng'ombe, maturubai na spika kubwa. Anaomba jambo moja, kwamba jina lake lisitajwe msibani. Na wazee wa ukoo wakakubali nikiwa bado sijavuta kiti! Sisi wenyewe tuna methali kwamba ukoo humpenda maiti. Yule yule ambaye alipokuwa anakoroma hakuna aliyemletea hata uji, leo mnamtafutia jeneza lenye vishikio vya dhahabu.

Nikamwambia Mwenye Mbwa, mbele yao, "Jeneza lako baki nalo. Ng'ombe wako mrudishe malishoni. Mimi nataka wajukuu zako, mkamwana wako, na kila aliyemgusa mbwa yule na mbuzi yule, kituo cha afya kesho asubuhi."

"Watu watauliza wanachomwa nini."

"Waambie surua. Kudanganya unajua, hujaanza leo."

"Ankomaa, chunga mdomo, mimi ni mkubwa kwako!"

"Ndiyo maana nakuamkia. Lakini kesho asubuhi."

Halafu akauliza kilichomleta. "Na jina langu?"

"Wakichomwa wote, mpaka sindano ya mwisho, jina lako silitamki na siliandiki. Akikosa mmoja, hata mara moja, nalisoma makaburini kwa spika."

"Utaniapia?"

"Siapi. Uliza sokoni kama mzani wangu umewahi kupinda."

Walikwenda. Nilisimama mlangoni pa kituo kila safari, nikawaona wote wakiingia na kutoka. Sindano ya mwisho wamechomwa Jumatano wiki hii. Leo ni Jumamosi, tarehe 28 Julai, na karatasi mliyoishika haina jina lake. Msigeuze shingo kumtafuta. Hayo ndiyo mapatano, na mimi mapatano yangu sivunji, hata yanikabe koo.

Marehemu ameacha mtoto wa kike, Akua Takyiwaa, mwalimu wa Sunyani, mtoto wa kiume, Kwabena Anane, dereva wa Kumasi, wajukuu watano, dada yake mdogo, Yaa Afrakoma, mkuu wa ukoo, Mzee Kofi Gyako, na mimi, Ankomaa, mjane wa kaka yake. Mbwa wake wa mwisho amekuja kwangu.

Basi tuweke wazi nani amepata nini. Mwenye Mbwa amepata alichokililia: heshima yake ipo, na kiti chake cha mbele kipo. Nyumba yake imepata watu tisa walio hai, na wale wadogo hawatajua ni nani aliyewalipia. Ukoo umekosa ng'ombe, nao hautanisamehe. Mimi nilikuwa na jina la kutaja mbele ya mji mzima, nikaliuza, na sitapata la kusema tena mpaka nami nizikwe. Afia Kyeremaa hakupata kitu.

Mwacheni apumzike. Amewahudumia vya kutosha.