Diski Inayogonga

Ndani ya basi la Kicukiro, Mama Raihana, fundi cherehani, alifungua kitenge akamwonyesha kijana aliyeketi kando yake diski ya kompyuta. "Iko na sauti ya marehemu mzee wangu, anasoma dua. Sasa inagonga tu, haifunguki."

Kijana huyo, Kenny, alikuwa amemwambia kazi yake ni kuokoa mafaili kwenye diski zilizoharibika. Akauliza imeanza lini.

"Tangu Ramadhani. Lakini sikuitupa, mwanangu. Kila nikimaliza kuswali alfajiri naiwasha, naisikiliza inagonga, nasema labda leo."

Kenny akageukia dirisha. Diski ikigonga hivyo, kila ukiiwasha inazidi kujikwaruza, inafuta kilichobaki. Angekuwa mteja mwingine, Kenny angemfokea.

"Nilifanya vizuri, si ndiyo?"

"Vizuri sana, mama."

Basi likasimama kituo cha Niboye. Kenny akashuka, ingawa kwake kulikuwa bado mbali, asije akaulizwa tena.