Kikombe kwa Kikombe na Mama Taratibu

Wasikilizaji wapendwa, mkunga wa kliniki ya wajawazito, yule tuliyemzoea kwa jina la Mama Taratibu, ametutoka wiki hii. Ndiyo, Mama Taratibu hatunaye tena. Leo tumkumbuke kupitia fundi cherehani mmoja aliyefika kwake roho mkononi.

Fundi huyo alikuwa ameharibikiwa na mimba mbili. Hii ya tatu ilikuwa changa, na aliyejua ni mumewe tu. Mama Taratibu alimweleza kila kipimo kabla ya kumgusa. Presha, damu, mkojo. Akampa na vidonge vya kuongeza damu. Fundi akaanza kupumua.

Ikaja zamu ya mashine ya picha. Mkunga akapitisha kifaa tumboni, akapitisha tena. Kwenye kioo, ukungu mtupu. Fundi akageukia ukutani. Moyoni alishazika.

"Mwanangu, bado sijaona kitu, kibaya wala kizuri," mkunga akamwambia. "Umetoka kutoa mkojo, kibofu ni kitupu. Mimba changa hivi haionekani vizuri. Kunywa maji, tungoje."

Maji hayakupita. Koo lilikuwa limekauka kwa hofu. Basi Mama Taratibu akajaza vikombe viwili. Akinywa yeye, fundi naye anakunywa. Kikombe kwa kikombe, huku wakimteta mume wa fundi, aliyekuwa akizunguka uani kama mtu aliyepoteza funguo.

Walipotazama tena, kitu kidogo kilikuwa kinapwita kwenye kioo. Mapigo ya moyo, wasikilizaji. Mapigo ya moyo! Fundi akalia, akacheka, kisha wote wawili wakakimbilia chooni. Mkunga alitangulia, cheo ni cheo.

Mapigo yale leo ni binti aliyempita mama yake kwa urefu. Walikuja wote msibani. Fundi alipomaliza kusimulia, mtoto wa marehemu alibaki kumkodolea macho.

"Mama yangu huyu? Mama alikuwa hapendi maji kabisa. Hata ya kumezea kidonge tulimbembeleza."

Kwa watoto na ndugu wa marehemu, poleni sana. Tuko pamoja nanyi. Nawe uliyekaa na mimba changa kimya kwa hofu, nenda kliniki mapema, usingoje tumbo lionekane. Na wewe utakayempokea, ukiona koo lake limekauka, jaza vikombe viwili.