Sakafu Niliyoiweka Mwenyewe

Mbukwenyi, ndugu zangu. Asanteni, kaeni.

Mchungaji ameniomba nisimame niseme jinsi mchezo wa pool ulivyoniharibia maisha. Niwie radhi, Mchungaji, sitasema hivyo. Mchezo haukunifanya kitu. Nimekuja na hasira, na hasira yenyewe ni ya kwangu mimi, kwa hiyo nikipaza sauti msidhani nagombana na mtu humu ndani.

Mnanijua, mimi ni fundi mwashi. Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na kila mwenye kiwanja akataka kuwa na baa, kuna mzee mmoja kule Nzuguni alinipa kazi ya kumwekea sakafu. Nikaiweka. Niliiweka harakaharaka kwa sababu nilikuwa na saiti nyingine Msalato, na kona ya mlangoni ikalala chini kidogo. Niliona! Pima maji, kile kifaa chetu cha kupimia usawa, ilikuwa mkononi mwangu. Nikajiambia, baa hii, nani atajua?

Halafu yule mzee akaleta meza ya pool, ya kwanza mtaani kwetu. Nikaipenda kupita kiasi. Saa kumi nikitoka kazini, vumbi la saruji bado kichwani, nimeshika fimbo. Nikajifunza kwamba ukipiga taratibu, mpira unavutwa kushoto, kwenye tundu la upande wa mlango. Basi mimi nalenga vidole viwili kulia, mpira unajikunja wenyewe, unaingia. Watu wanapiga makofi. Makarani wa ofisini wakawa wanakuja kunitazama. "Fundi! Fundi!" Nikavimba kichwa.

Mwenye baa alitaka kuweka kibao chini ya mguu wa meza ili ikae sawa. Nikamkatalia kwa ukali. Mnaelewa kwa nini? Kile kibao kingesema mbele ya watu wote kwamba sakafu yangu mbovu.

Sasa nawaambia jambo linalonichoma. Pale baa palikuwa na dada mhudumu. Siku moja ninashangiliwa, akasema, tena kwa upole, "Fundi, nikideki asubuhi maji yote yanakimbilia kona ile. Na mipira yako inakimbilia hukohuko."

Watu wakacheka. Mimi nikawaka. Nikamwita mwongo, nikamwita mchawi wa riziki za watu. Nikamwambia mwenye baa achague, mimi au yeye. Akanichagua mimi, kwa kuwa wateja walikuja kunitazama mimi. Yule dada akavua aproni, akaikunja, akaondoka. Alikuwa analea watoto wawili, na mimi nilijua.

Yakaja mashindano ya kanda, pale mjini. Nikaenda na mashabiki wangu. Mpira wa kwanza, mwepesi, nikalenga vidole viwili kulia. Ukaenda palepale nilipolenga, ukagonga ukingo. Wa pili vilevile. Wa tatu vilevile! Nikatupa fimbo, nikapiga kelele, "Meza yenu imepinda!"

Msimamizi hakubishana. Akaleta pima maji, akailaza juu ya kitambaa cha kijani, akasema, "Wewe si fundi? Tusomee."

Kile kipovu cha hewa kilikuwa katikati kabisa, meza imekaa sawa. Nilisoma kwa sauti, ukumbi mzima ukinisikiliza. Hata wale wa "Fundi! Fundi!" walicheka.

Nikaangukia pombe. Nikaacha saiti za watu, mwisho hakuna aliyenipa hata choo cha kujenga. Na kila siku namlaani msimamizi, namlaani yule dada, nawalaani mashabiki. Mjinga mkubwa mimi!

Asubuhi moja nikamkuta yule dada anakaanga mihogo kando ya barabara. Akanisalimu, "Shikamoo, fundi." Baada ya yote yale, shikamoo! Nikaanza kulia, nikamwomba msamaha. Akageuza mihogo yake, akasema, "Machozi yako hayanisaidii. Maji bado yanakwenda konani. Nenda karekebishe sakafu."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipogeuka. Nilichukua nyundo na tindo, nikaenda nikaivunja ile kona mchana kweupe, watu wanatazama. Nikaimwaga upya, nikaipima mara kumi. Meza ikarudi, ikakaa sawa, na mimi nikafungwa mchezoni na kila mtu. Miezi! Nikaanza mwanzo: napiga mpira mweupe moja kwa moja hadi ukingo wa mbele, urudi kwenye ncha ya fimbo. Ukikengeuka, kosa ni la mkono wangu. Pombe nikaiacha, maana mkono unaotetemeka hauwezi zoezi lile.

Mwaka uliofuata nilirudi kwenye mashindano. Nilishinda raundi tatu, nikatolewa na mtu wa Singida aliyenizidi uwezo. Nikampa mkono. Sikuuliza habari za meza.

Namshukuru msimamizi yule popote alipo. Namshukuru mwenye baa, aliyeniruhusu kuvunja. Nanyi mnaosifiwa leo, mtafuteni mtu anayedeki mahali penu, mumuulize maji yanakwenda wapi.

La mwisho. Yule dada amekaa humu, simtaji. Dada, nilikutukana mbele ya watu, kisha nikakuomba radhi kando ya karai la mihogo, tukiwa wawili tu. Haikutosha. Basi wote wasikie: wewe ulisema kweli, na mwongo nilikuwa mimi.