Ugali Upo Nyumbani

Kijiwe chetu kiko ndani, maana Buffalo ya huku Marekani, kwa baridi yake, si mji wa kukaa nje bila kujuta. Ni benchi moja kwenye soko la chakula la mtaani kwetu, mbele kabisa ya kibanda cha Kostansia, Mrundi mwenzangu tuliyekulia naye kambini Tanzania. Jumamosi mchana hunikosi pale, mimi Reginaldi, na wenzangu watatu. Yupo Methodi, tunamwita Ovataimu kwa sababu hajawahi kuikataa. Yupo Paluku wa Butembo, Kongo, tunamwita Bon kwa kuwa hawezi kufungua mdomo bila hilo neno la Kifaransa kutangulia. Halafu yupo Wanjohi, Mkenya aliyekuja kusoma akaishia ofisini. Huyo ni Profesa, ingawa hafundishi mtu.

Pale mtu unakula vizuri bila kuumia, ndiyo maana tunapapenda. Kibanda cha jirani ni cha mama mmoja wa Burma, anauza tambi za mchuzi wa nazi, bakuli kubwa, pilipili ya kukutoa jasho puani, na ukishakula huoshi vyombo. Juu ya kaunta yake kakaa paka wa plastiki anayepunga mkono kutwa nzima. Kahawa tunaletewa na Kostansia, chupa nzima na vikombe vyake, na hela yetu haitaki. Anasema sisi ni ndugu.

Jumamosi iliyopita tulimkuta kanyong'onyea. Msimamizi wa soko kamwambia mwisho wa mwezi huu atapita kuangalia, na kibanda kisicho na wateja atapewa mtu mwingine. Sufuria zake zimejaa mpaka juu, sombe ya majani ya muhogo, maharage ya mawese, ndagala, yaani dagaa, na saa za kula ndizo hizo zinapita. Akatuwekea kahawa, akarudi kufuta kaunta ambayo alikwisha kuifuta.

Iliniuma, nasema kweli. Huyu mama aliacha kazi ya kiwandani ili apike. Basi tukavuta mabakuli yetu ya tambi karibu, tukaanza kumtafutia dawa.

Methodi alisema shida ni ubao. Kaandika Kiswahili kitupu, Mmarekani atajuaje? Nikamwambia mama wa Burma kaandika kwa zile herufi zao za mviringo, wala hujui zinaanzia wapi, na foleni yake inafika mlangoni. Methodi akafikiri kidogo, akasema basi ndiyo hivyo, Kiswahili kinasomeka mno, watu wa hapa wanapenda siri.

— Mimi naona shida ni online, akasema Wanjohi. Hana hata picha moja. Watu wa huku hawali kitu hakijapigwa picha, honestly.

Akatueleza mpango mzima, wa picha, wa nyota, wa video, huku tambi zinamning'inia kwenye vijiti. Kostansia alikuwa akisikia yote. Alitujazia vikombe tu.

Paluku yeye aliilaumu feni ya darini. Eti inavuta harufu ya maharage inaipeleka nje kwenye magari, mtu anaisikia, anadhani inatoka nyumba ya jirani, anaenda kuitafuta huko. Tulipomcheka akakasirika, akaweka kijiko chini.

— Bon, musicheke. Ni ile paka. Iko naita watu. Muangalie mukono yake, haichoke, haiombe konje ya kupumuzika.

Tukageuka kumwangalia paka. Anapunga, na watu wanaingia kwenye foleni. Hapo hakuna aliyebisha tena. Methodi akashauri Kostansia naye anunue mbuzi wa kupunga mguu. Wanjohi akasema mbuzi atawafukuza wasiokula nyama. Mimi nikaja juu, nikasema sisi ni Warundi, tuwekewe ng'ombe, na apunge mkia. Basi tukaanza kugombana kama mkia uelekee mlangoni au uelekee kaunta, na nilikuwa nimeshasimama kuwaonyesha kwa mkono ng'ombe anavyopunga.

Ndipo akaja dada mmoja, mtoto mgongoni, koti mkononi. Akatuamkia shikamooni kama alivyofunzwa, tukaitikia. Anaitwa Delfina, wamehamia wiki hii kutoka Louisville, kule mtaa wa Iroquois, mumewe kapata kazi huku. Alisikia Kiswahili chetu tangu mlangoni akakifuata. Alikuwa na njaa, na macho yake yalikuwa kwenye ubao wa Kostansia.

— Nyie ndio wenyeji, baba zangu, akasema. Kwa huyu mama, kipi kitamu zaidi?

Methodi akamtazama Paluku. Paluku akamtazama Wanjohi, na Wanjohi akatoa simu. Mimi nilitafuta jibu kichwani nikakuta harufu tu. Jumamosi zote hizo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kununua sahani pale. Ugali upo nyumbani, ndivyo tulivyokuwa tukisema, Jumamosi mtu unakula cha wengine. Kostansia naye aliacha kufuta. Alikuwa akisubiri jibu kama yule dada.

— Vyote vizuri, nikasema.

Delfina akaangalia mabakuli yetu ya tambi, moja baada ya lingine, akatabasamu kwa adabu. Akatushukuru, akamweka mtoto sawa mgongoni, akaenda kusimama kwenye foleni ya paka.

Kostansia akaja mpaka kwenye benchi. Hakutukasirikia, na hilo ndilo lililonimaliza. Akachukua chupa yake mbele yetu.

— Kahawa imeisha, akasema.

Haikuwa imeisha. Niliisikia ikicheza ndani ya chupa mpaka alipofika kaunta.