Siku Tisa za Salamu

AIDARUS: Haloo? Nani mwenzangu?

SWABAHA: Ni mimi, baba. Swabaha. Shikamoo.

AIDARUS: Marahaba, mwanangu. Wambaje?

SWABAHA: Sijambo. Baba, nna dakika chache tu —

AIDARUS: Watoto?

SWABAHA: Hawajambo.

AIDARUS: Na mumeo?

SWABAHA: Hajambo, baba, sote hatujambo, hata paka hajambo! Niko skuli hapa Kizingo, kengele ya mapumziko imelia sasa hivi, na kredi yangu ni ya kuombewa dua. Sikiza —

AIDARUS: Mbona sauti yakatika? [mkwaruzo] Haloo?

SWABAHA: Uko wapi?

AIDARUS: Dukani. Nimefunga mlango, nimetia komeo.

SWABAHA: Saa nne asubuhi fundi saa amejifungia dukani? Sogea mlangoni basi, kuta hizo za Mji wa Kale zameza mtandao.

AIDARUS: Sisogei. Kila apitaye achungulia aniuliza, "Mzee Aidarus, saa ya msikiti imefika wapi?" Imefika mezani kwangu, imelala chali. Wataka niwaambieje?

SWABAHA: Ndiyo hiyo nnayokupigia. Leo Jumatano. Kamati ya msikiti imekupa mpaka —

AIDARUS: Mpaka kesho alasiri, najua. Mwenyekiti jana kanikumbusha mara mbili, kwa upole mwingi, utadhani yuwanipa mkono wa tanzia. Saa yao mpya ishafika, iko ndani ya boksi nyumbani kwake. Ya umeme. Tarakimu nyekundu kama kituo cha petroli.

SWABAHA: Na yaonyesha mpaka joto, nasikia.

AIDARUS: Haswa. Mtu wa Mombasa ahitaji saa imwambie kuwa kuna joto.

SWABAHA: [acheka] Na ya zamani?

AIDARUS: Ya zamani wasema itiwe stoo. Saa aliyoitungika babangu kwa mikono yake! Kila Alhamisi ameitia ufunguo yeye, alipofariki nikaitia mimi, sijakosa hata Alhamisi ya harusi yako. Kamani yake, ule utepe wa kuisukuma, imekatika mara moja tu, na sasa ndiyo hii ya pili. Niliyonunua mjini ni fupi. Saa yenda nusu siku, kisha yafa.

SWABAHA: Utepe mmoja wa chuma!

AIDARUS: Utepe mmoja wa chuma. Kesho wakiitoa hiyo saa, Swabaha, na mimi nitafunga duka. Sifanyi mchezo. Nitakaa ndani na mamako tuangaliane.

SWABAHA: Ndiyo sababu nilikufungulia akaunti ya Twita! Nilikwambia, huko kuna mafundi saa wa dunia nzima. Mimi nikikwama darasani na hesabu za sehemu, naandika swali alfajiri, ikifika saa nne walimu kumi washanijibu, wa Kisumu, wa Dodoma, mpaka wa Ufini. Nimejifunza mle kuliko semina zote nilizokalishwa nikapewa soda.

AIDARUS: Mashaallah. Una rafiki elfu nne, na jirani wa ghorofa ya juu humjui jina.

SWABAHA: Jirani wa ghorofa ya juu hafundishi sehemu. Na wewe ushapata wafuasi thelathini na —

AIDARUS: Wafuasi wa nini? Mimi ni shehe?

SWABAHA: Baba. Nimeifungua akaunti yako hapa, nimeisoma yote. Siku tisa.

AIDARUS: Enhe.

SWABAHA: Siku ya kwanza, nakusomea. "Assalaam aleikum mafundi wote mlioko humu. Ni matumaini yangu mu wazima pamoja na wake zenu, watoto na wazee. Huku Mombasa twashukuru, mvua kidogo. Heshima kwa mafundi wakubwa na wadogo, na waliotangulia mbele ya haki Mungu awarehemu." Nukta. Basi.

AIDARUS: Kuna kosa gani hapo?

SWABAHA: Swali liko wapi?

AIDARUS: Swali lilikuwapo. Kile chombo kikakataa kupeleka, kikasema herufi zimezidi, nipunguze. Nikapunguza.

SWABAHA: Ukapunguza nini?

AIDARUS: Swali.

SWABAHA: Ukapunguza swali?

AIDARUS: Sasa nipunguze salamu?

SWABAHA: Ya Rabi. Siku ya pili. Nikasema moyoni, haya, leo kamani itatajwa. "Assalaam aleikum tena. Nadhani jana hamkunisikia."

AIDARUS: Pale chini pameandikwa watu mia sita wameiona ile salamu. Mia sita! Wakapita zao kama walioona ngozi ya ndizi. Mtu hajakuitikia salamu, utamwelezaje shida yako? Wewe waingia nyumba ya mtu hujaitikiwa hodi?

SWABAHA: Huo ni mtandao wa kazi, baba, si baraza! Watu waingia, wauliza, wajifunza, watoka. Na si kweli hakuna aliyejibu. Mama mmoja wa Karachi, fundi saa, amekuwekea moyo.

AIDARUS: Moyo! Nikamficha mamako simu siku nzima. Na mwingine akaniletea dawa ya kupunguza tumbo. Ndiyo elimu hiyo ya kisasa?

SWABAHA: Kwa hiyo hukujifunza lolote.

AIDARUS: Kuna bwana mmoja mle, fundi wa Kampala, simsemi vibaya. Aosha mashine ya saa kwa mafuta ya taa, kisha aipuliza kwa pampu ya baisikeli. Upuuzi mtupu.

SWABAHA: Umejaribu?

AIDARUS: Yafanya kazi.

SWABAHA: Haya! Angalau. Sasa n'ambie, na huyu "Fundi Tudor" ni nani?

AIDARUS: Nani?

SWABAHA: Hana picha, hana nini. Tangu siku ya tatu, kila siku baada ya alfajiri yuko hapa. "Waaleikum salaam Fundi Aidarus. Nasi twashukuru. Kikohozi kimepungua. Nyumbani hawajambo?" Na wewe huyo, wamjibu! "Hawajambo. Kikohozi tumia tangawizi, na usilale na feni."

AIDARUS: Feni mbaya.

SWABAHA: Saa ya babako imelala chali na wewe wajadili feni na mtu usiyemjua!

AIDARUS: Ana adabu. Dunia nzima nimempata mmoja mwenye adabu, niache nimfaidi.

SWABAHA: Siku ya tano, feni. Siku ya sita, bei ya tangawizi. Siku ya saba — ngoja. "Na magoti ya Bi Nasiha yaendeleaje, bado apanda ile ngazi yenu ya nyuma?" Baba.

AIDARUS: Haloo? Mtandao huu —

SWABAHA: Usinisingizie mtandao, nakusikia ukipumua! Mtu wa Twita ayajuaje magoti ya mama?

AIDARUS: Magoti ya mamako Mombasa nzima yayajua.

SWABAHA: Na ngazi ya nyuma? Huyu ni Ami Qaidjohar! Ami Qaidjohar, uliyekaa naye duka moja miaka kumi na tisa, kisha mkanuniana kumi na mmoja.

AIDARUS: Kumi na mmoja na miezi minne.

SWABAHA: Ulijua lini kuwa ni yeye?

AIDARUS: Kwa salamu yake ya kwanza. Nani mwingine asema "twashukuru" kisha akuhadithia kikohozi?

SWABAHA: Hebu ngoja. Ngoja, ngoja. Ile mara ya kwanza kamani ilipokatika, nikiwa ningali msichana, mliagiza mbili. Nakumbuka. Ulisema moja ya leo, moja ya wajukuu. Ya wajukuu iko wapi?

AIDARUS: Alipohama alihama na meza yake. Ilikuwa ndani ya mtoto wa meza.

SWABAHA: Yaani iko kwake, mtaani Tudor.

AIDARUS: Huenda.

SWABAHA: Baba! Mimi nimewaandikia mafundi wa Uswisi kwa Kiingereza cha kutoa jasho! Nimemsumbua yule mwalimu wa Ufini amuulize mjombake! Na kamani iko Tudor, safari ya tuktuk moja!

AIDARUS: Uliniuliza?

SWABAHA: Si ungemwambia tu! Siku saba mwaamkiana, neno moja likushinde?

AIDARUS: Nimwambieje? Wajua nilimwambia nini siku ile?

SWABAHA: Mama hataki kusema.

AIDARUS: [mkwaruzo] Alitaka tuuze na saa za betri. Alisema watu hawaleti tena saa za ufunguo, tutakula nini. Na alikuwa na haki, maana tulikuwa hatuli. Duka limejaa wateja, mimi nikasimama nikamwambia, "Wewe si fundi, Qaidjohar. Wewe muuza betri." Mtu huyo, nilipopasuliwa macho, miezi mitatu alizitengeneza kazi zangu zote, na kwenye karatasi za wateja akaandika jina langu. Hakunijibu neno. Alifungafunga vyombo vyake akatoka.

SWABAHA: Baba...

AIDARUS: Najuta. Wataka kusikia? Kila Alhamisi nikishika ule ufunguo najuta.

SWABAHA: Basi muombe radhi.

AIDARUS: Kwa herufi mia mbili na themanini?

SWABAHA: Ukipunguza salamu zatosha.

AIDARUS: Wewe cheka tu. Yeye mwenyewe aijua shida yangu. Saa ya msikiti imesimama, nani hajui? Mbona hasemi?

SWABAHA: Angoja uombe.

AIDARUS: Na mimi nangoja aniulize.

SWABAHA: Na Mwenyekiti angoja kesho alasiri. Uzuri ulioje, kila mtu angoja. [abonyeza simu] Haya. Nimepeleka.

AIDARUS: Umepeleka nini?

SWABAHA: Kwa akaunti yako. Si mimi niliyeiweka ile paswodi? "Qaidjohar, kamani ya saa ya msikiti imekatika. Ile ya pili unayo?"

AIDARUS: Hivyo hivyo? Hata assalaam aleikum hukutia?

SWABAHA: Salamu una akiba ya siku tisa.

AIDARUS: Futa! Futa, Swabaha! Mbele ya Kampala? Mbele ya yule mama wa Karachi? Mimi mtu mzima naomba-omba hadharani —

SWABAHA: Yeye ulimsema faraghani?

AIDARUS: [avuta kiti, aketi]

SWABAHA: Baba? Haloo? Nisamehe. Ngoja, naifuta.

AIDARUS: Usifute. Andika chini yake.

SWABAHA: Niandike nini?

AIDARUS: Andika, "Wewe ni fundi."

SWABAHA: Halafu?

AIDARUS: Basi. Maneno matatu.

SWABAHA: Zabaki herufi mia mbili na sitini na kitu, baba. Hutaki hata salamu kidogo?

AIDARUS: Salamu za nini, mwanangu. Peleka.

SWABAHA: Imekwenda.

AIDARUS: Amesemaje?

SWABAHA: Imekwenda sasa hivi, baba.

AIDARUS: Amekasirika. Nilijua. Ungetanguliza salamu —

SWABAHA: Tulia! [mkwaruzo] Na kengele yangu nayo hii italia... Amejibu!

AIDARUS: Soma.

SWABAHA: "Kamani iko mfukoni mwangu tangu Jumatatu. Niko kwa muuza kahawa, mkabala na duka lako. Leo siku ya tatu nakaa hapa. Nilikuwa nangoja uniulize." Na ameweka picha.

AIDARUS: Picha ya kamani?

SWABAHA: Ya mlango wako. Umefungwa.

AIDARUS: [avuta kamasi]

SWABAHA: Baba? Walia?

AIDARUS: Nalia. Mtu hawezi kulia ndani ya duka lake? [mlango wabishwa]

SWABAHA: Nini hicho?

AIDARUS: Yuwapiga hodi.

SWABAHA: Mfungulie basi!

AIDARUS: Nyamaza, asalimia. — Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh! ... Sijambo! Wewe je? ... Twashukuru, twashukuru!

SWABAHA: Baba, wamsalimia kupitia mlangoni?

AIDARUS: — Magoti? Afadhali kidogo! Ngazi ndiyo inayomtesa! ... Na kikohozi?

SWABAHA: Toa komeo, baba! Kredi yangu yaisha! Kesho alasiri —

AIDARUS: Ngoja, hajamaliza. — Na mkeo, Bi Mahjabeen, hajambo? ... Alhamdulillahi! Na wajukuu?

SWABAHA: Baba, saa! Mwanamume yuko juani! Fungua mla —

AIDARUS: Haloo? Swabaha? ... Imekata. Hata kuaga hakuaga. — Qaidjohar! Usiende. Naja, nafungua. Usiende.