Kipimo Nilichokidanganya

Bwana asifiwe! Ndugu zangu, siku ile niliposimama hapa nilicheza, nikapiga vigelegele, nikasema moyo wangu iko muzima. Leo nimekuja kufuta maneno yale.

Munanijua. Mimi ni Koko wa wajukuu kumi na moja, na moja anasoma université! Mimi mwenyewe niliacha masomo mwaka wa pili wa shule ya msingi. Bon, kifua kikaanza kunibana kila nikipanda kutoka beach, kule mitumbwi inafikia, na kitunga cha samaki. Munganga akanituma kwenye mashine: wanakufunga nyaya kifuani, unatembea juu ya mukeka unaokimbia chini ya miguu, wanaangalia moyo unavyofanya ukichoka. Mudogo wangu Vero akacheka: "Yaya, mukubwa wangu, wewe hukumaliza hata masomo, utafaulu egzame hiyo?"

Ilinichoma. Nikasema nitafaulu! Munganga alinikataza siku hiyo kumeza kidonge changu kinachotuliza moyo; nikameza. Akasema nisishike vyuma vya pembeni. Nikavishika kama mutu anayevuka daraja la muti moja. Nikatembea pole pole kama siku ya matoleo, halafu nikasingizia miguu. Akaniambia, "Mama, moyo haukupanda vya kutosha. Karatasi hii haisemi kitu. Urudi." Haisemi kitu? Mimi nikachukua kwamba haina ubaya. Nikaja kushuhudia!

Vero alikuwa pale, benchi ya tatu. Naye kifua kilimubana. Alipotumwa kwa kipimo, mimi mukubwa wake nikamufundisha: meza kidonge, shika chuma, lalamikia miguu. Naye akaambiwa arudi. Nikamwambia, "Achana na munganga huyo, anakusumbua bure." Mwezi haukuisha, Vero akaanguka njia ya beach, kitunga kichwani. Samaki tuliziokota zote kwenye matope. Yeye hakuamuka tena.

Ndugu zangu, nilimuua mudogo wangu kwa kiburi cha egzame!

Nilirudi kwa munganga, nikaungama yote. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Mara hii kidonge nilikiacha kama alivyoagiza. Nikavua kikwembe, nikavaa suruali ya mujukuu, mimi! Mikono hewani, nikatembea mpaka pumzi ikakatika. Niliposhuka hakufungua nyaya. Aliendelea kuangalia moyo unavyotulia, maana hata pale unasema. Ukasema kweli: mushipa moja umeziba. Nilishindwa egzame, na ndiyo sababu niko hai. Dawa ninakunywa kila siku, na kutoka beach ninapanda nikipumzika njiani bila haya.

Bwana ameniokoa na uongo wangu. Ninamushukuru kwa machozi, maana benchi ya tatu ninaiona kutoka hapa.

Wewe mama unayejishika kifua ukificha chini ya kikwembe, mutegemee Mungu, halafu umwambie munganga yote. Mungu haombi tumusaidie kwa kudanganya mashine. Achilia chuma, mama. Nitakusindikiza mwenyewe, kesho asubuhi, kama nilivyopaswa kumusindikiza Vero. Amina.